Friza la Mama na Fomu Namba Tano

Friza la Mama liliondoka nyumbani kwetu Mbagala Jumamosi asubuhi, limelazwa juu ya guta na kufungwa kamba za manila. Kabla ya kulitoa, Shangazi aliondoa vyote vilivyokuwamo: vibua walioletwa jana yake kutoka Feri, barafu za ubuyu na ukwaju zilizokuwa zikiwasubiri watoto wa madrasa, na mfuko wa nyama ya kula sisi wenyewe. Vyote aliviweka kwenye beseni la kufulia, beseni likabaki barazani. Kufika adhuhuri barafu zilikuwa maji mekundu wanamoelea vibua, na nzi wametanda ukutani. Mama alisikia kila kitu: kamba zikikazwa, mlango wa bati ukigongwa na ubavu wa friza, kijana wa guta akiuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Hakutoka. Alikuwa kwenye eda. Baba yetu alikuwa na miezi mitatu kaburini, na mwaka ulikuwa 2018.

"Hii mali ya kaka yangu," alisema Shangazi pale mlangoni, "na msimamizi ameshanipa ruhusa."

Msimamizi ni Baba Mdogo. Tangu mahakama ya mwanzo imteue, alikuwa akitembea na Fomu Namba Nne, hati ya uteuzi yenye muhuri na sahihi ya hakimu, ndani ya bahasha ya nailoni, na kila swali la nyumbani alilijibu kwa kuitoa bahasha hiyo mfukoni. Kodi za vyumba viwili vya uani alizichukua yeye. Pikipiki ya Baba aliipeleka kwake Kibaha "isije ikaibiwa". Redio nayo ikaondoka. Hakuna aliyempinga, kwa sababu ndani ya nyumba ile, na katika nyumba nyingi ninazozijua, kila mtu aliamini kwamba aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mali ndiye aliyekabidhiwa mali. Imani hiyo ndiyo iliyolitoa friza nje, na ndiyo inayowatoa wajane wengi nje ya nyumba walizozijenga.

Kaka alikimbilia kwa mjumbe. Mjumbe akampeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mwenyekiti akasema ugomvi wa ndugu hauingilii. Jioni Kaka akaenda kituo cha polisi kuripoti wizi. Askari wa zamu alikuwa mtu mzima. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akaanza kumwuliza. Aliyechukua ni nani? Shangazi. Kwa ruhusa ya nani? Baba Mdogo. Huyo Baba Mdogo ni nani kwenye mali hiyo? Msimamizi wa mirathi. Ameteuliwa wapi? Mahakama ya mwanzo.

"Basi mwanangu, rudini hukohuko kwenye jalada lenu," alimwambia. "Hapa nitakufungulia kesi ya wizi, shangazi yako atasema alipewa ruhusa, na mtazungushana mwaka mzima huku mali inaondoka."

Kaka alirudi amekasirika, akiona amefukuzwa. Mimi leo naamini askari yule alitusaidia kuliko ndugu zetu wote wa ukoo waliokuwa wakipiga simu kutupa pole. Kweli, mahakama ya mwanzo husikiliza pia jinai: wizi mdogo, shambulio, matusi, kuharibu mali. Mtu akituibia kuku, ni hapohapo. Lakini kinachochukuliwa na msimamizi kwa kutumia hati ya mahakama kina njia yake, na njia hiyo ina nguvu kuliko ya polisi. Mahakama iliyomteua inaweza kumwita, kumtaka aeleze kila senti, na kumvua usimamizi. Mlango ni uleule, ila inabidi ujue unaingia kwa shauri gani.

Ili ieleweke tulifikaje pale, lazima nirudi kwenye kikao cha ukoo. Kilifanyika baada ya matanga, barazani kwetu, wanaume wamekaa kwenye mikeka. Mama alikuwa chumbani na mashangazi, pazia limeshushwa. Wakamchagua Baba Mdogo kwa sababu ndiye mkubwa aliyebaki, ana pikipiki yake, na anajua kuzungumza na watu wa ofisini. Binamu yetu mmoja aliandika muhtasari kwenye daftari la shule, karatasi ikachanwa, ikapitishwa kwa sahihi. Ilipofika kwa Mama iliingizwa kupitia upenyo wa pazia pamoja na kalamu. Aliambiwa ni karatasi ya kumwezesha shemeji yake kufuatilia mafao. Alitia sahihi. Angekataa vipi? Mume wake alikuwa hajamaliza wiki ardhini.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Ukipanga tarehe za mirathi pembeni ya tarehe za eda, utaona jambo ambalo mimi sikuwahi kulisikia likisemwa msikitini wala mahakamani. Kikao cha ukoo hufanyika mjane akiwa ndani. Maombi hupelekwa mahakamani akiwa ndani. Tangazo linalowaita wenye pingamizi hubandikwa kwenye ubao wa mahakama, na yeye yuko ndani. Atalisoma saa ngapi? Uteuzi nao hutoka akiwa ndani. Anapotoka eda, akajifunga khanga nyingine na kufungua dirisha, kila uamuzi umeshapigwa muhuri. Dini haimkatazi mjane kutoka kwa haja ya lazima, wala haimkatazi kusema kuhusu mali yake. Ni sisi tunaozifanya siku zile kuwa siku za kuamua bila yeye.

Hata Baba Mdogo mwenyewe hakuijua njia vizuri. Alianza kwa kupeleka maombi mahakama ya jirani na kwake Kibaha, kwa kuwa ndiko anakokaa yeye. Karani akamwuliza marehemu aliishi wapi. Mbagala. Akamrudishia karatasi zake. Mirathi hufunguliwa mahakama ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu alipofariki. Anakoishi mwombaji hakuhesabiki. Ndipo akaja Dar es Salaam na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao na orodha ya warithi. Orodha ile tulikuja kuiona baadaye. Ilikuwa na majina saba. Sisi watoto watatu, Mama na Bibi tulikuwamo, na chini yetu yeye na Shangazi.

Friza lilipoondoka, Mama hakulia. Alikaa kitandani akaniagiza nimletee sanduku la bati lililo chini ya kabati. Akapekua vyeti vyetu vya kliniki, kadi za chama, picha za harusi ya dada yangu, mpaka akafika kwenye mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Ndani yake mlikuwa na risiti ya duka la Kariakoo, ya mwaka 2009. Wino ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai ya maziwa, lakini ukiinua karatasi kwenye mwanga unasoma: friza moja, futi za ujazo, bei, na jina la Mama, jina lake mwenyewe la kuzaliwa, siyo "Mama Fulani". Pamoja nayo lilikuwa daftari la kikoba, lenye kurasa za mkopo alionunulia friza hilo na marejesho yake wiki kwa wiki, kila mstari na sahihi ya mweka hazina.

"Itunze wewe," akaniambia. "Mimi bado niko ndani."

Wiki za mwisho za eda alikuja mwanamume mwenye futi kamba. Alibisha hodi vizuri, akakaribishwa, akaanza kupima sebule kutoka ukuta hadi ukuta na kuandika kwenye simu yake. Mimi nilikuwa jikoni. Mama ndiye aliyemsikia kwanza, akamwuliza kupitia pazia, "Baba, unapima nini?"

"Napima nyumba niliyolipia arubuni, mama."

Alikuwa mtu muungwana. Alipoelewa kwamba anayeongea naye ni mjane wa mwenye nyumba, alikunja futi kamba yake akaomba radhi, akatoa karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, yenye sahihi ya Baba Mdogo na mashahidi wawili. Msimamizi kisheria anaweza kuuza mali ya marehemu pale inapobidi, kulipa madeni au kuwezesha mgawanyo, lakini fedha hiyo lazima ionekane kwenye hesabu zake na iwafikie wanaostahili. Arubuni hii haikuwa imeonekana popote. Tulimwuliza yule bwana kama angekubali kutupa nakala. Akakubali. Nakala hiyo nayo nikaiweka na risiti ya friza.

Siku Mama alipotoka eda tulikwenda naye mahakamani. Jengo lenyewe ni dogo: ukumbi mmoja wa kusikilizia, chumba cha hakimu, ofisi ya makarani, na nje benchi refu la saruji chini ya mwarobaini. Pale kwenye benchi ndipo nilipoelewa mahakama ya mwanzo inabeba nini. Mwanamke aliyekaa karibu yetu alitaka talaka. Karani alimweleza kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka apite kwanza baraza la usuluhishi, arudi na fomu ya baraza kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana. Mzee mmoja alikuwa na mgogoro wa mpaka wa kiwanja na jirani. Huyo akaelekezwa kwenye mabaraza ya ardhi, kwa kuwa mambo ya ardhi yana mfumo wake tangu sheria ya 2002. Kijana aliyemkopesha rafiki yake fedha za kununulia bajaji alikuwa mahali sahihi, maana madai ya fedha na mali inayohamishika yasiyozidi shilingi milioni 30 husikilizwa hapo, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016. Binti aliyebeba mtoto mgongoni alitaka matunzo. Akaandikiwa aende ustawi wa jamii na mahakama ya watoto. Mwingine alitaka kiapo cha kurekebisha jina lililokosewa kwenye cheti. Watu hawa wote walikuwa wamekuja na jambo la nyumbani kwao, na wengi walikuwa wamelala nalo miezi kwa kutojua wapi pa kulipeleka.

Nimesikia watu wakiisema mahakama ya mwanzo kwa kudharau, kana kwamba ni mahali pa kesi za matusi na kuku. Mimi siipokei dharau hiyo. Tanzania Bara haijawa na mahakama ya kadhi ya serikali tangu sheria ya mahakama za mahakimu ya 1963 ilipounganisha mfumo, na kwa hiyo mirathi ya Kiislamu na ya kimila ya watu wa kawaida, nyumba za vyumba vinne, mashamba ya minazi, viwanja vya urithi wa bibi, huanza na mara nyingi huishia mbele ya hakimu huyu mmoja. Kinachoamuliwa humo ni nani atalala ndani ya nyumba gani.

Karani alitusikiliza, akatoa jalada letu kwenye rafu, akatuonyesha. Ndipo tulipoiona ile orodha ya majina saba. Akatueleza kwamba tuandike maombi ya kutaka msimamizi aitwe na uteuzi wake utenguliwe, tukitaja sababu. Tulitaja mbili: hajawasilisha orodha ya mali, na ameanza kuuza bila kuwashirikisha warithi. Baba Mdogo akapelekewa wito.

Siku ya shauri ukumbi ulijaa ndugu. Hakimu alikaa na washauri wawili, wazee wa baraza kama tulivyozoea kuwaita. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa madrasa wa siku nyingi. Wakili hakuwepo hata mmoja, kwa sababu wakati ule sheria haikuwaruhusu kusimama mahakama ya mwanzo. Ila sheria hiyohiyo iliruhusu ndugu au mtu wa nyumbani kumsemea mdaawa katika mashauri yasiyo ya jinai, hakimu akikubali. Bibi yetu, mama mzazi wa Baba, masikio yake yalikuwa mazito na magoti hayamruhusu kusimama. Dada yangu akaomba amsemee, hakimu akaridhia.

Baba Mdogo alitoa bahasha yake akaiweka mezani.

"Hii naijua, niliisaini mimi," hakimu alimwambia kwa upole. "Hii inasema uende ukakusanye. Fomu Namba Tano iko wapi?"

Fomu Namba Tano ni orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo, za mwaka 1971, zinampa msimamizi miezi minne tangu uteuzi kuiwasilisha, au muda zaidi ambao mahakama itamwongezea. Baada yake hufuata Fomu Namba Sita, hesabu za namna alivyokusanya, alivyolipa na alivyogawa. Miezi minne ilikuwa imepita. Baba Mdogo hakuwa ameomba muda, na sidhani kama aliwahi kusikia kwamba kuna fomu nyingine baada ya ile ya muhuri.

"Mheshimiwa, mimi nilijua nimekabidhiwa," alisema.

Namwamini. Nimeufikiria mwenendo wake mara nyingi na siuoni kama mpango wa mwizi. Alilelewa akiona kaka mkubwa akifa, anayefuata anashika kila kitu: mke, watoto, shamba, deni. Alipopewa karatasi yenye muhuri, aliona serikali imethibitisha alichokijua tangu utotoni. Lakini kumwamini hakumrudishii Mama friza lake, na hakimu hakuishia hapo.

Likaja suala la friza. Shangazi alisimama akasema kaka yake ndiye aliyekuwa mwenye mshahara, kwa hiyo kila kilichokuwa ndani ni chake. Nikatoa risiti. Ikapita kwa mzee wa kwanza, kwa wa pili, ikarudi kwa hakimu aliyeinuka nayo hadi dirishani ili aisome. Akaomba na daftari la kikoba. Kisha akaeleza, kwa sauti iliyofika mpaka benchi la nje, kwamba Sheria ya Ndoa inampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, kwamba kuolewa hakuigeuzi mali hiyo kuwa ya mume, na kwamba mali ya mke aliye hai haiwezi kuandikwa kwenye orodha ya mali za marehemu. Friza lirudi.

Kuhusu nyumba mambo yalikuwa mazito zaidi, na hapa nina la kusema. Hati ya mauziano ya kiwanja, yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ilikuwa na jina la Baba peke yake. Mama alibeba matofali ya nyumba ile. Alipika kwa mafundi, aliuza barafu zilizonunua bati za vyumba vya uani, aliwatunza wagonjwa wa ukoo ndani yake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu lililoanzia mahakama ya mwanzo, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Ni uamuzi mkubwa. Lakini kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ambacho mgawanyo huo unategemea kinazungumzia talaka na utengano. Mke anayeachwa anaweza kusimama na kudai kwamba kupika, kulea na kuuguza kwake kumejenga nyumba. Mke aliyekaa na mumewe mpaka akamfumba macho anaingia mahakamani kama mrithi, na kwa kila anachotaka kihesabiwe kuwa chake anatafuta ushahidi kwenye sanduku la bati. Mama alikuwa na risiti ya friza. Matofali hayakuwa na risiti. Jambo hili linaniuma mpaka leo, na sioni kwa nini wanaotunga sheria waliache hivyo.

Basi nyumba ikahesabiwa yote kuwa ya Baba. Ilithaminiwa shilingi milioni 48. Yule mzee mwalimu wa madrasa akaomba penseli na kipande cha karatasi, akapiga hesabu mbele yetu huku akisema kwa sauti. Mke, akiwepo mtoto, thumuni: milioni 6. Mama mzazi wa marehemu, sudusi: milioni 8. Kilichobaki, milioni 34, kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na kila wa kike fungu moja: Kaka milioni 17, Dada na mimi milioni nane na nusu kila mmoja. Akaweka penseli chini.

"Na mimi?" Baba Mdogo akauliza.

Mzee akamwangalia. "Marehemu ameacha mtoto wa kiume. Ndugu hana fungu hapo."

Shangazi akakaa chini. Ukumbi mzima ukanyamaza, na nilimwona Baba Mdogo akiipapasa bahasha ya nailoni bila kuitazama. Miezi ile yote alikuwa amelinda, amegawa, ameuza na kugombana na sisi kwa ajili ya mali ambayo, kwa sheria ya dini yake mwenyewe, hakuwa na sehemu ndani yake.

Uteuzi wake ulitenguliwa, akaambiwa arudishe Fomu Namba Nne. Mama na Kaka wakateuliwa pamoja. Hakimu akatukumbusha kwamba asiyeridhika ana siku 30 kukata rufaa mahakama ya wilaya. Hakuna aliyekata.

Friza lilirudi kwa guta, gesi imevuja na mpira wa mlango umechanika. Fundi alilishughulikia likaanza kugandisha tena, lakini Mama alikuwa amewapoteza wateja wa madrasa kwa jirani aliyeanza kuuza barafu wakati ule. Pikipiki ilirudi. Redio haikurudi. Yule bwana wa futi kamba angeweza kutung'ang'ania nyumba kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akaona heri amdai Baba Mdogo fedha zake, akafungua shauri la madai mahakama ileile ya mwanzo. Wakapatana mbele ya hakimu alipwe kwa awamu. Kaka alimchangia Baba Mdogo awamu mbili za mwanzo. Nilimgombeza kwa hilo. Akanijibu kwamba fomu imemvua usimamizi, haikumvua ubaba.

Kazi ya kujaza Fomu Namba Tano tuliifanya mezani, usiku, Mama akitaja na mimi nikiandika. Vitanda viwili. Kabati la vyombo. Cherehani. Viti vinne, kimoja mguu umevunjika. Pikipiki. Nyumba yenye vyumba vinne na viwili vya uani. Upande wa madeni: duka la dawa, deni la saruji ambalo Mama peke yake alilikumbuka, na ada ya chama cha kuzikana. Kila alipotaja kitu alieleza kilinunuliwa lini na kwa fedha ipi, na mara kadhaa tulikuta nusu ya fedha ilikuwa yake. Karatasi haina safu ya maelezo hayo. Niliyaandika pembeni kwa penseli, kisha nikafuta kabla ya kupeleka.

Nyumba hatukuiuza. Tulikubaliana, na makubaliano yakaingia kwenye jalada, kwamba Mama akae humo maisha yake yote na mafungu yetu yabaki yameandikwa. Bibi alipoulizwa anataka milioni 8 zake vipi, alisema hana pa kuzipeleka. Apewe kodi ya chumba kimoja cha uani mpaka zitimie, na akifa kabla, zilizobaki zimwendee anayempikia uji. Anayempikia uji ni Mama. Kaka akajaza Fomu Namba Sita, hakimu akaipitia mstari kwa mstari, jalada likafungwa.

Siku hizi wakazi wengi wa Dar es Salaam hupeleka mirathi, ndoa na mambo ya watoto Temeke, kwenye kituo jumuishi kilichoanza mwaka 2021, ambamo ngazi za mahakama kuanzia ya mwanzo hadi Mahakama Kuu zimekaa ndani ya jengo moja. Shangazi amekwenda huko. Mume wake alifariki, na shemeji zake wakaitisha kikao cha ukoo baada ya matanga, barazani, kwenye mikeka, kama ilivyo desturi. Aliwatumia ujumbe kutoka chumbani kwamba hatatia sahihi karatasi yoyote atakayopitishiwa kwenye pazia. Wakitaka kikao, wakaze mitandio na kanzu zao waje wakifanyie chumbani kwake, na amwone kila atakayechaguliwa akisema kwa mdomo wake atawasilisha lini orodha ya mali. Wakaingia, wakabanana kwenye mkeka na ukingo wa kitanda. Mama yangu alikuwa ndiye aliyeshika daftari la muhtasari.